Vali Isiyongoja Jibu

Siku hiyo naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, asubuhi yenye ukungu juu ya ziwa, na kiwanda kilinuka kilivyonuka siku zote, samaki wabichi na mvuke. Nilikuwa msichana wa koti jeupe, kalamu mfukoni, sina muda mrefu tangu nitoke chuoni Nairobi. Watu waliniita Injinia, nami niligeuka haraka kila nilipoitwa, maana nililipenda jina hilo kupita kiasi. Leo goti langu halikunjiki vizuri, na kalamu naitafuta huku nimeishika, lakini ya siku ile hayajanitoka. Nataka uende nayo unapoanza kazi.

Kwanza nikueleze kiwanda chenyewe, kwa sababu usipokielewa hutaelewa ni nini kilikuwa karibu kutokea.

Tulikuwa tunakata minofu ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Minofu ilisafirishwa ng'ambo. Mifupa, ile inayoitwa mgongo wazi, ilitolewa kwa mlango mdogo wa nyuma na kuuziwa akina mama waliokuja na makarai yao, wakaenda kuikaanga mitaani, Obunga na Kondele. Ngozi, matumbo na mabaki mengine yaliingia kwenye tangi kubwa la chuma, yakapikwa kwa mvuke wenye presha kali hadi yakawa chakula cha kuku. Tangi hilo ndilo lililonileta pale. Mapishi yakiisha, lazima presha itolewe kabla mtu hajagusa kifuniko, na haitolewi kwa pupa. Ukifungua vali yote kwa mara moja, uji ulio ndani unachemka ghafla, unapanda na kuziba bomba, na hapo umekaa na bomu. Kwa hiyo unafungua kidogo, unafunga, unangoja mshale wa geji ushuke, kisha unafungua tena.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono, miaka na miaka, alikuwa Mzee Okello, mtu wa Kombewa, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Alikuwa anakaribia kustaafu. Wakubwa wakaamua kwamba akiondoka, vali ifunguliwe na mashine: kisanduku cha kompyuta cha kutundika ukutani, kinachohesabu muda chenyewe na kuifungua na kuifunga vali bila mkono wa mtu. Mimi ndiye niliyeletwa kukifundisha kisanduku hicho.

Nilijifunza kwa Mzee Okello kwa bidii, hilo nisijinyime. Nilisimama kando yake na saa, nikapima kila anapofungua na kila anapofunga, nikamuuliza kwa nini hapa anakawia na pale anaharakisha. Alinijibu yote. Kisha nikaketi na kidude changu chenye vitufe, nikaandika hatua moja baada ya nyingine: pasha moto, shikilia presha, toa onyo, ngoja, fungua kidogo, funga, ngoja, fungua zaidi. Nilipoijaribu vali tangi likiwa tupu, ikafuata mwendo ule ule wa mkono wa mzee, nilifurahi hadi nikapiga makofi peke yangu. Mzee Okello alicheka akakohoa. Akasema, "Injinia, hii kitu imeniiba mkono!"

Sasa sikiliza kuhusu bomba. Mvuke ulipotolewa ulipita kwenye bomba nene lililotoboa ukuta wa nyuma na kutokea nje, chini, usawa wa goti la mtu mzima. Najua utauliza mbona halikuinuliwa juu ya paa. Niliuliza hivyo hivyo, nikaambiwa kwamba litainuliwa, mafundi wa mabomba watakuja. Wewe pia utaambiwa hivyo mara nyingi katika maisha yako. Huko nje, chini ya mdomo wa bomba, palikuwa na sakafu ya saruji ambayo haikupoa kamwe, na akina mama wa mgongo wazi walikaa hapo kungoja mlango ufunguliwe, kwa sababu asubuhi za kando ya ziwa zina baridi na saruji ile ilikuwa ya moto.

Kwa hiyo Mzee Okello, kabla ya kugusa vali, aliligonga bomba kwa spana. Kong, kong, kong. Walioko nje wakahama. Nililiona hilo, mwanangu, sikuwa kipofu. Nikasema kwamba mashine haina spana, lakini inaweza kupiga king'ora. Kiwanda kilikuwa na king'ora juu ya paa, cha kutangaza mabadiliko ya zamu. Nikakiunganisha na kisanduku changu. Nikakipa milio miwili mifupi, ili kisifanane na ule mmoja mrefu wa zamu. Nikaweka muda wa kutosha mtu kuhama bila haraka. Nilijiona nimefikiria kila kitu. Kwenda nyuma ya ukuta na kuongea na wale akina mama, hilo halikunijia kabisa. Niliwaona kila siku wakipita na makarai yao nikiingia kwa lango la mbele, na nilidhani kuwaona kunatosha.

Mzee Okello akastaafu. Tulimnunulia koti na kuku wawili, akapanda gari kwenda kwao.

Kesho yake, siku ya kuwasha mfumo rasmi, walikuja wageni. Walikuwa wanunuzi wa minofu, watu wa tai, waliotaka kuona kiwanda cha kisasa. Meneja wetu alikuwa amenyoa ndevu hadi akajikata. Hakuwa mtu mbaya, nisikudanganye, lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huwa mkali. Soda zilikuwa zimepangwa mezani. Tangi lilikuwa limejaa na presha imepanda. Nikasimama kando ya kisanduku, koti langu limepigwa pasi, nikiwaeleza wageni kinachoendelea. Taa ya mapishi ikazima. King'ora kikalia mara mbili. Kisanduku kikaanza kuhesabu muda wa kungoja, baada ya hapo vali ifunguke.

Nikawa natabasamu. Kisha kuna kitu kikaanza kunisumbua, na sikukijua ni nini.

Umewahi kulala nyumba yenye saa ya ukutani, ikasimama, ukashtuka kwa sababu ya ukimya? Ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na sauti iliyotakiwa kuwapo na haikuwapo. Katika siku zote nilizosimama na Mzee Okello, baada ya kong yake ya mwisho, kulikuja mlio mwembamba kutoka nje, kwa-kwa-kwa, bati likigongwa. Niliusikia kila siku nikadhani ni kelele za akina mama tu. Na kila siku, mkono wa mzee ulikuwa hautui kwenye vali mpaka mlio huo upite. Saa yangu ilikuwa imepima hata kile kipindi cha kungoja, nami nikakiandika kwenye hatua zangu kama muda tu, bila kujua kwamba mzee alikuwa anamngoja mtu.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Kila kitu kikasimama, vali ikabaki imefungwa.

"Nini tena?" meneja akasema, uso bado unawachekea wageni.

"Sijasikia jibu," nikasema.

"Jibu la nani?"

Sikuweza kumweleza. Hata mimi nilikuwa sijaelewa vizuri. Nilichofanya ni kutoka mbio mbele ya wageni, mimi na viatu vyangu vya kisigino, nikampita mlinzi langoni, nikauzunguka ukuta wa kiwanda. Sijawahi kuuona ukuta ule mrefu hivyo. Nilikuwa naomba kwa sauti, Mungu wangu, Mungu wangu, bila kujua naomba nini.

Nyuma ya ukuta, akina mama wote walikuwa wamesongamana kwenye mlango mdogo wa mgongo wazi, makarai juu, wakisukumana na kupiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye saruji. Kwa nukta moja nilishusha pumzi, nikasema moyoni, basi wamehama, king'ora kimefanya kazi.

Kisha nikaona leso. Chini ya mdomo wa bomba, kwenye saruji yenye joto, mtoto mchanga alikuwa amelazwa amefunikwa leso, usingizi mzito, mdomo wazi, mkono mmoja umetoka nje. Mdomo wa bomba ulikuwa unamtazama usoni.

Nilimwinua, nikakaa chini pale pale na koti langu jeupe kwenye maji ya samaki. Nikalia. Sioni haya kukwambia.

Mama yake akanifikia mbio, msichana wa Sondu jina lake Atieno, mdogo kuliko mimi, karai mkononi. Aliona mtu wa kiwanda amemshika mtoto wake, akafikiri lingine kabisa. "Wee! Unapeleka mtoto yangu wapi? Mmechoka kutufukuza sisi sasa mnashika watoto?" Akanipokonya. Wenzake wakauacha mlango na kunizingira, na kwa kweli ningepigwa, kama si Min Otieno.

Min Otieno, yaani Mama Otieno, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa akiuza mgongo wazi tangu biashara hiyo ianze, na mpangilio wa foleni pale nyuma ulikuwa mikononi mwake. Alinitazama mimi, akalitazama bomba, akaitazama leso iliyobaki kwenye saruji. Akawanyamazisha wenzake kwa kuinua mkono tu.

"Okello ako wapi?" akaniuliza.

"Alistaafu, Mama. Ameenda nyumbani."

"Na nani anagonga?"

"Hakuna anayegonga. Ni mashine. Hiyo king'ora iliyolia, ndiyo onyo ya mvuke."

"King'ora?" Akawageukia wenzake, akanigeukia mimi tena, akaniita binti yake kwa Kijaluo. "Nyara, king'ora ikilia sisi tunajua mlango inafunguliwa. Zamu ikibadilika ndio mgongo inatoka. Kila mtu anakimbilia laini, usipokimbia unakosa. Mtoto unaacha hapo penye joto, unarudi saa hiyo hiyo."

Nikamwambia nilikipa milio miwili mifupi, tofauti na ule mmoja wa zamu. Nilisikia nilivyokuwa nasema upuuzi hata kabla sijamaliza. Nani aliyewaambia kwamba milio miwili ni mvuke na mmoja ni zamu? Nilikuwa nimekiambia kisanduku peke yake.

Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo nimeishi nayo hadi leo. Hakupaza sauti. Alivuta karai lake karibu, akaligonga kwa vidole vyake: kwa-kwa-kwa.

"Okello akigonga, sisi tunatoa watoto, tunaangaliana, halafu mimi najibu na hii karai. Asiposikia karai, hafungui. Siku ingine nilikuwa mgonjwa, hakuna mtu alijibu, akatoka kuja kuangalia na hiyo kikohozi yake. Sasa hiyo mashine yako, nyara. Sisi tukinyamaza, inajua tumehama ama inajua tumekufa?"

Nikaiokota ile leso kwenye saruji, nikamrudishia Atieno.

Lakini presha ilikuwa bado iko ndani ya tangi na haingebaki humo milele. Nikamwambia Min Otieno naenda kugonga mwenyewe. Akasema, "Enda. Tuko." Nikarudi ndani, koti limelowa, nanuka samaki. Wageni walikuwa wamesimama na soda zao. Meneja alikuwa amekasirika. Nikazima kisanduku, nikaiweka vali kwenye usukani wa mkono, nikachukua spana ya Mzee Okello iliyokuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Kong, kong, kong. Nikangoja. Kisha jibu likaja kutoka nje, jembamba, kwa-kwa-kwa. Nikafungua kidogo. Nikafunga. Nikangoja mshale ushuke, nikafungua tena, mpaka presha ikaisha.

Wageni walipoondoka niliitwa ofisini. Meneja alisema suluhisho ni rahisi, walinzi wawafukuze wale wanawake kutoka ukutani, na vali ibaki ilivyo. "Hao si wafanyakazi wangu," akasema.

"Lakini mvuke ni wako, Bwana," nikamjibu.

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nilijua naweza kupoteza kazi, na nyumbani kwetu Ahero mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga wote msimu ule, wote walikuwa wananitegemea mimi. Nilimweleza walinzi wamewafukuza mara ngapi na mara ngapi wamerudi. Nikamwambia sitakiwasha tena kile kisanduku mpaka kijue kungoja, na akitaka kiwashwe hivyo hivyo, amtafute mtu mwingine, na mtu huyo nitampeleka kwanza nyuma ya ukuta akaone ile saruji. Mwishowe akasema, "Rekebisha. Halafu tutaona habari yako."

Nikarekebisha. King'ora nikakirudisha kwenye zamu. Nikatengeneza kinyundo cha umeme cha kuligonga bomba lenyewe, kwa sauti waliyoizoea. Na kwenye hatua zangu, baada ya muda kwisha, nikaongeza hatua ambayo haikuwa na dakika wala sekunde: ngoja jibu. Tulifunga kitufe nje kwenye kisanduku cha chuma, na ufunguo wake akawa nao Min Otieno. Kitufe kisipobonyezwa, vali haifunguki, taa nyekundu inawaka ndani, na mtu wa zamu lazima atoke kwa miguu yake akaangalie. Safari hii nilikaa nao kwenye saruji kabla ya kuwasha. Niliwaeleza, wakaniuliza maswali magumu kuliko ya chuoni, nikabadilisha mambo kadhaa kwa ajili ya maswali hayo. Kitufe kilipokuwa tayari, Min Otieno alikibonyeza, kisha akagonga na karai pia. Nikamwambia karai halihitajiki tena. Akaniambia, "Ya mashine nimebonyeza. Hii ni yako wewe."

Mkataba wangu ulipokwisha, sikuongezewa. Nililia kidogo, nikatafuta kazi kwingine, nikapata. Bomba liliinuliwa juu ya paa baadaye sana, na kiwanda chenyewe kilishafungwa.

Kabla sijaondoka nilipanda gari hadi Kombewa kumwona Mzee Okello. Nilimkuta akipukuchua mahindi mlangoni. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuinua kichwa, na nilipofika kwa mtoto mikono yake ikasimama. Akasema, "Ni mimi. Sikukuambia kuhusu karai." Nikasema, "Ni mimi, Mzee. Sikuuliza." Tukabishana hivyo, kila mmoja akivutia kosa upande wake, mpaka mkewe akatuletea chai atunyamazishe. Nikiwa naaga aliniuliza jambo moja tu: "Lakini sasa wanajibu?" Nikamwambia wanajibu. Akaitika kwa kichwa, akaendelea na mahindi yake.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike, mwanangu, maana nimekuchosha. Wewe unaenda kuandika programu za mashine kubwa kuliko ile, na hazitakuwa na mtu kama Mzee Okello wa kusimama naye. Saa inajua muda. Haijui watu. Ukikipa chombo muda peke yake, kitatimiza muda huo hata kama kuna mtoto amelala mbele yake. Kwa hiyo kabla hujaandika hatua ya kwanza, vua koti lako jeupe, uzunguke ukuta, uone mvuke wako unatokea wapi na nani amekaa hapo. Usimwangalie tu. Kaa naye. Muulize anasikia nini unapopiga king'ora, maana ulichokusudia kukisema na alichokisikia vinaweza kuwa mbali kabisa. Na ukishaonya, usihesabu kwamba umemaliza. Ngoja ujibiwe. Mtu akinyamaza usiseme amekubali, usiseme amehama. Nenda ukamwangalie, hata kama wageni wamesimama na soda zao na mkubwa wako amekasirika.

Hata nyumbani ni hivyo. Nimeona baba akiwatangazia watoto wake neno mara moja, akaondoka, akashangaa miaka baadaye kwamba hakuna aliyelisikia. Mimi mwenyewe huwa nakuuliza mara mbili mbili, unakereka, unasema, "Mama, nimesikia." Kereka tu. Nami nitaendelea kuuliza mpaka sauti yako inifikie.

Nenda salama. Mungu alinde mikono yako na macho yako. Akupe moyo wa kusimamisha kitu chote kwa ajili ya mtu mmoja ambaye huwezi kumwona. Akuepushe na kazi ambayo hakuna anayeweza kukujibu. Na kila utakapogonga, mwanangu, popote utakapokuwa, awepo mtu upande wa pili mwenye karai.